Kasi ya Durham

Mtaje Durham, North Carolina, mbele ya mpenzi yeyote wa kikapu na atakujibu Duke. Hajakosea. Chuo Kikuu cha Duke kina mataji matano ya taifa na mashabiki hadi Dar es Salaam. Ila upande mwingine wa mji huohuo kuna chuo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kidogo, cha watu Weusi, chenye bajeti ya kubana, na mimi naamini kimeuathiri mchezo tunaoucheza leo kuliko Duke walivyowahi kuuathiri. Leo kinaitwa North Carolina Central University. Zamani jina lake lilikuwa North Carolina College for Negroes.

Nawafundisha vijana kikapu jioni kwenye uwanja wa saruji, na karibu kila ninachowafundisha kuhusu kukimbia na mpira kimepitia kwa mtu mmoja aliyefundisha chuo hicho kati ya mwaka 1937 na 1952. Aliitwa John McLendon. Vijana wangu wanawajua makocha wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, kwa majina na mishahara yao. Huyu hawamjui. Makala hii nimeiandika kwa ajili yao kwanza, kisha kwa yeyote anayeupenda mchezo huu.

Tuanze na chuo. James E. Shepard, mfamasia aliyegeuka kuwa mwalimu, alikianzisha mwaka 1910 kama shule ya mafunzo ya dini. Fedha zilimsumbua tangu mwanzo. Mwaka 1923 serikali ya jimbo ikakinunua, na mwaka 1925 kikawa chuo cha kwanza nchini Marekani cha masomo ya sanaa na sayansi kwa ajili ya watu Weusi kilichogharamiwa na jimbo. Durham ulikuwa mji wa tumbaku, viwanda vya sigara vikitoa harufu mji mzima, lakini pia ulikuwa mji wa Weusi waliojijenga. Kampuni ya bima ya North Carolina Mutual ilikuwa yao, na mtaa wa Parrish ulikuwa na benki yao. Mtaa wao wa makazi na biashara uliitwa Hayti, kwa heshima ya nchi ya Haiti. Chuo kilikuwa sehemu ya maisha hayo. Nje ya mipaka ya Hayti kulikuwa na sheria za ubaguzi zinazojulikana kama Jim Crow: basi, hospitali, mgahawa, bomba la maji ya kunywa, kila kitu kiligawanywa kwa rangi. Mpira wa kikapu nao uligawanywa. Vyuo vya Weusi vilikuwa na ligi yao, CIAA, iliyoanzishwa mwaka 1912, na timu zake hazikuruhusiwa kukutana na timu za Wazungu popote pale Kusini.

McLendon hakuzaliwa Kusini. Alizaliwa mwaka 1915 mjini Hiawatha, Kansas, na mwaka 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Kansas. Hapo alikuwapo mzee mmoja profesa wa elimu ya viungo aliyeitwa James Naismith. Ndiye yule yule wa Springfield, Massachusetts, aliyetundika vikapu viwili vya matunda ukumbini Desemba 1891 na kuandika kanuni 13. Baba yake McLendon alimwambia mwanawe: nenda kamtafute Naismith, mwambie ndiye atakayekuwa mshauri wako. Kijana akaenda ofisini kwake akasema hivyohivyo. Naismith alimuuliza nani kamwambia, naye akajibu ni baba. Mzee akakubali, akisema kina baba huwa hawakosei.

Hapo ndipo panaponiuma. McLendon alisoma kikapu kwa aliyekibuni, kwenye chuo chenye timu kubwa, na timu hiyo hakuruhusiwa kuichezea kwa sababu ya rangi yake. Hata bwawa la kuogelea lilikuwa taabu. Kuogelea lilikuwa somo la lazima kwa aliyetaka shahada ile, na alipoingia majini, maji yakamwagwa na bwawa kujazwa upya. Hakurudi nyuma. Naismith alisimama naye, na bwawa likafunguliwa kwa wanafunzi wote. Mwaka 1936 McLendon akawa Mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo pale Kansas. Mwaka uliofuata akachukua shahada ya uzamili Iowa, kisha akaelekea Durham kuwa kocha msaidizi. Naismith alifariki Novemba 1939, na mwaka uliofuata mwanafunzi wake akapewa timu.

Kuelewa alichokifanya McLendon, inabidi ujue kikapu kilivyokuwa kabla yake. Mpaka mwaka 1937, kila baada ya kikapu kuingia, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya. Fikiria: unafunga, mnarudi wote katikati, warefu wawili wanaruka, ndipo mchezo unaendelea. Kanuni ile ilipofutwa, timu nyingi ziliendelea na mwendo uleule. Wachezaji walipitisha mpira polepole wakisubiri nafasi ya kurusha kwa mikono miwili, miguu ikiwa chini. Mechi ziliisha kwa pointi thelathini au arobaini, na waliolelewa hivyo waliona ndio ustaarabu wenyewe.

McLendon aliona kanuni mpya imefungua uwanja wote. Yeye mwenyewe alieleza kuwa wazo hilo lilitoka kwa Naismith, aliyemfundisha kwamba kushambulia na kulinda kunaanza pale mpira ulipo, hata kama uko chini ya goli la mwenzako. Kwa hiyo timu yake ilikaba uwanja mzima, na ikishika mpira tu inaondoka. Hii ndiyo fasti breki ambayo kila mtoto wa mtaani anaijua leo bila kujua imetoka wapi. Si kwamba hakuna mwingine aliyekimbia wakati ule, wapo wachache. Lakini McLendon aliifanya kuwa somo kamili lenye hatua zake, akalifundisha mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1965 akaliandikia kitabu.

Ngoja nieleze kwa karibu, maana uzuri wake uko kwenye vitu vidogo. Mrefu anadaka riboundi, yaani mpira uliorushwa ukakosa na kurudi. Makosa ya kwanza ya kijana wa kawaida ni kushuka nao chini akiwa ameutazama ubao, kisha kuudunda mara mbili ili atulie. Hapo kasi imeshakufa. Anatakiwa aanze kugeuka akiwa bado hewani, bega moja likielekea pembeni mwa uwanja, ili miguu ikigusa chini macho yawe yameshamwona gadi, yule mwepesi anayeuongoza mpira, anayesubiri karibu na mstari wa pembeni. Pasi inatoka juu ya kichwa, si kifuani, kwa sababu kifuani kuna mikono ya adui. Gadi akiipokea, mpira unaenda katikati ya uwanja, na wawili wanakimbia mbawani, mmoja kila upande, mapana kabisa, karibu wakanyage mstari. Wa nne anakuja nyuma yao kidogo, na huyu ndiye anayesahauliwa na mabeki. Wa mwisho anabaki kulinda. Kuanzia riboundi mpaka mpira kurushwa ni sekunde chache. Ukikosea hatua moja, watano wa upande wa pili wameshapanga ulinzi na unaanza upya. Wangu huchukua wiki nyingi kuacha kile kitendo cha kuudunda mpira mara mbili, na siku wanapoacha unaisikia tofauti kabla hujaiona: uwanja unakuwa na mlio wa viatu tu.

Ili kucheza hivyo dakika 40 lazima uwe na mapafu. McLendon aliwakimbiza vijana wake masafa marefu kabla msimu haujaanza. Wapinzani walianza vizuri, wakaongoza hata, halafu kipindi cha pili miguu ikawaisha. Katika miaka yake Durham alishinda michezo 239 na kupoteza 68.

Ushindi huo ulipatikana barabarani kwenye nchi iliyowafungia milango. Timu ya Weusi ikisafiri Kusini haikuweza kulala hotelini wala kusimama popote kula. Ilikula chakula ilichobeba na kulala mabwenini kwa vyuo wenyeji. Kila safari ilihitaji kupangwa mapema: mafuta wapi, choo wapi, njia gani usiku. Naona watu wengi wanapoandika kuhusu timu hizi huanza na kuishia kwenye mateso hayo. Ni kweli yalikuwapo, lakini vijana wale walikuwa pia wachezaji hodari wenye kocha hodari, na hilo linastahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa.

Ndiyo maana nataka kukaa kidogo kwenye asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1944.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea. Shule ya udaktari ya Duke ilikuwa imejaa vijana wa jeshi waliopelekwa kusomea utabibu, na baadhi yao walikuwa wamecheza kikapu vyuoni kwao kabla ya vita. Wakaunda timu iliyokuwa tishio. Timu ya McLendon nayo ilikuwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima. Hakuna kikombe chochote cha taifa ambacho timu ya Weusi ingeruhusiwa kukigombea. Wanafunzi wachache wa vyuo hivi viwili walikuwa wanakutana kwa siri kwenye vikao vya sala vya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, jambo lenyewe tayari la hatari, na humo majigambo yakaanza: nani bora mjini? Changamoto ikatolewa. McLendon akakubali, akachagua saa tano asubuhi ya Jumapili, kwa sababu saa hiyo Durham yote ilikuwa kanisani, polisi wakiwemo.

Wachezaji wa Duke walikuja na magari ya kuazima, wakizunguka njia za pembeni ili wasionekane. Walipofika waliingia haraka, nguo zimefunika vichwa. Mlango wa ukumbi ukafungwa kwa ufunguo. Hakukuwa na watazamaji. Kulikuwa na refa, na saa, na timu mbili. Wanafunzi wachache waliokuwa wamenusa jambo walipanda madirishani kuchungulia.

Mwanzoni wote walikuwa na woga. Pasi zinapotea, mipira haiingii. Mchezaji wa McLendon mwenye umri mdogo, Aubrey Stanley, alikuwa na miaka 16, ameletwa moja kwa moja kukutana uwanjani na watu ambao barabarani alipaswa kuwapisha. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba katikati ya kipindi cha kwanza jambo likamjia ghafla: hawa ni watu tu kama sisi, na tunaweza kuwafunga. Kuanzia hapo mpira ukaanza kukimbia. Madaktari wale walikuwa wamezoea kikapu cha kupanga na kusubiri, na hawakuwa wamewahi kuona timu inayogeuza kila riboundi kuwa shambulizi kabla hawajavuka nusu ya uwanja.

Ikaisha 88 kwa 44.

Kisha wakapumzika kidogo na kufanya jambo lingine. Waligawana wachezaji, timu zote mbili zikawa za mchanganyiko, upande mmoja wamevaa fulana na mwingine vifua wazi, wakacheza tena. Walipomaliza wakakaa bwenini kuongea kabla Duke hawajaondoka kwa njia walizokuja nazo. Mwandishi wa gazeti la Weusi la mjini, Carolina Times, alijua lakini hakuandika, na hakuandika kwa makusudi. Habari ile ingewagharimu watu kazi, na huenda maisha. Jack Burgess, mmoja wa wachezaji wa Duke, aliiandikia familia yake Montana kuhusu siku ile. Zaidi ya hapo kukawa kimya mpaka mwanahistoria Scott Ellsworth alipoiandika kwenye jarida la New York Times mwaka 1996, miaka 52 baadaye.

Siku hizi hadithi hii inasimuliwa sana Marekani, na mara nyingi inasimuliwa kama kisa kitamu cha vijana waliogundua kwamba rangi si kitu. Sipingi kwamba mchezo ule wa pili, wa fulana na vifua, ulikuwa na maana kwao. Lakini usimulizi huo unaupa uzito mchezo wa pili na kuupita wa kwanza kana kwamba ulikuwa utangulizi tu. Mimi naona kinyume. Timu kali ya Wazungu ilifungwa mara mbili ya pointi zake na vijana wa chuo kidogo, na ilifungwa kwa mbinu, kwa kazi ya kocha aliyefikiria mchezo kuliko karibu kila mtu wa wakati wake. Pointi 88 zilikuwa nyingi mno kwa enzi ile. Ukumbi ungekuwa wazi siku ile, makocha wa Marekani nzima wangelazimika kujifunza fasti breki miaka kumi kabla ya walipoanza.

Na Durham haikubadilika baada ya asubuhi ile. Julai mwaka huohuo, askari Mweusi aliyeitwa Booker T. Spicely, aliyevaa sare ya jeshi, alibishana kidogo na dereva wa basi mjini humo kuhusu kuhamia viti vya nyuma. Alihama. Aliposhuka, dereva alishuka naye akampiga risasi akafa. Baraza la mahakama, wote Wazungu, likamwachia dereva huru. Hilo lilitokea miezi minne baada ya mchezo wa siri. Nalitaja kwa sababu nataka ieleweke McLendon alikuwa anahatarisha nini alipouzungusha ufunguo wa ule mlango, yeye na vijana wake wote.

Vita ilipokwisha, ligi ya CIAA ilikuwa bado inampata bingwa wake kwa mahesabu ya alama za msimu, bila fainali. McLendon na wenzake wachache wakapendekeza mashindano ya mwisho wa msimu. Mwaka 1946 yakafanyika Washington, kwenye ukumbi uitwao Turner's Arena uliokuwa unatumika kwa mieleka na ngumi. North Carolina College walikutana fainali na Virginia Union, mechi ikaenda muda wa nyongeza mara tatu, wakashinda 64 kwa 56. Mashindano hayo yanaendelea hadi leo na ni moja ya sherehe kubwa za Wamarekani Weusi kila mwaka. Wapo wanaokwenda kwa ajili ya muziki na kukutana na ndugu, mechi wakaziangalia kwa jicho moja. Yalianza na makocha waliokataa bingwa apatikane kwa kalamu.

Mwaka 1950 chuo hiki kinajitokeza tena mahali ambapo watu hawakitarajii. NBA ilikuwa haina mchezaji Mweusi hata mmoja. McLendon aliwapeleka vijana wawili Washington kufanyiwa majaribio na timu ya Capitols: Harold Hunter, nahodha wake, na Earl Lloyd wa West Virginia State. Hunter akawa Mweusi wa kwanza kusaini mkataba na timu ya NBA. Aliachwa kabla ya msimu kuanza, na tarehe 31 Oktoba ni Lloyd aliyeingia uwanjani na kuwa wa kwanza kucheza. Vitabu vingi vya historia vinamtaja Lloyd, kama inavyostahili, na Hunter anabaki mstari mmoja kama anatajwa kabisa. Baadaye naye aligeuka kocha, akamrithi McLendon huko Tennessee.

McLendon aliondoka Durham mwaka 1952. Alipitia Hampton, kisha akaenda Tennessee A&I mjini Nashville, na huko akafanya ambalo Durham hakuruhusiwa kulifanya: aliingia mashindano ya taifa ya NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo, ambayo alikuwa amepigania timu za vyuo vya Weusi zikubaliwe, kisha akayashinda mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, akiwa na Dick Barnett na John Barnhill. Hakuna chuo cha Weusi kilichowahi kutwaa ubingwa wa taifa kwenye mashindano yaliyowachanganya watu wote kabla ya hapo. Ni hadithi ndefu ya peke yake na siwezi kuimaliza hapa. Ila mbinu zilikuwa zilezile za Durham, na safari hii milango ilikuwa wazi.

Nyuma yake Durham aliacha kijana mmoja kutoka Wilmington aliyeitwa Sam Jones. McLendon alimfundisha mwanzoni, kisha Floyd Brown, aliyekuwa mchezaji wa McLendon siku ile ya Machi 1944, akaendelea naye. Jones akaenda jeshini, akarudi, akamaliza masomo. Mwaka 1957 Boston Celtics walimchagua wa nane kwa jumla, na kocha wao Red Auerbach alikuwa hajawahi kumwona akicheza. Alitegemea neno la mtu aliyemwamini. Wengi hawakulijua jina lile, na Jones mwenyewe alikuwa anafikiria kwenda kufundisha shule. Alitwaa mataji kumi ya NBA. Ni Bill Russell, mwenzake wa Celtics, peke yake aliyemzidi, kwa taji moja.

Ukitaka kuona mchango wa Jones tafuta video zake za zamani uangalie anavyotumia ubao. Vijana wa leo wanauona ubao kama kitu cha kugongesha mpira ukiwa chini ya goli. Jones alirusha akiwa pembeni, mbali, mpira unagusa kona ya kile kisanduku kilichochorwa na kushuka wavuni bila kugusa pete. Nimewaonyesha vijana wangu wakacheka kwanza, kisha mmoja wao akajaribu jioni nzima kutoka upande wa kushoto mpaka giza likaingia. Sasa anaupiga kwenye mechi, na mabeki hawajui wafanye nini naye.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia kwa furaha moja kwa moja. Ubaguzi wa kisheria ulipoanguka miaka ya 1960, vyuo vikubwa vya Kusini vikafungua milango. Duke wakampata mchezaji wao wa kwanza Mweusi, C.B. Claiborne, aliyejiunga mwaka 1965. Charlie Scott, naye Mweusi, akaenda Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill. Kijana kama Sam Jones, ambaye zamani angekuja Durham kwa Weusi kwa sababu hakuwa na kwingine, sasa alikuwa na barua kumi mezani, zenye viwanja vikubwa na mechi za televisheni. Hiyo ilikuwa haki yao na hakuna anayetaka kuwanyang'anya. Lakini vyuo vilivyowalea wachezaji hao wakati hakuna mwingine aliyewataka havikulipwa chochote. Hata Hayti ilivunjwa kipindi hicho, barabara kuu ikapitishwa katikati yake, biashara zikatawanyika. Chuo kikabadilishwa jina mwaka 1969 kuwa North Carolina Central, kikaendelea kucheza daraja la pili la vyuo, mbali na kamera.

Kwa hiyo mwaka 1989 watu wachache tu walikuwa wanaangalia. Timu ya kocha Michael Bernard ilifika fainali ya taifa ya daraja la pili, iliyochezwa Springfield, Massachusetts, mji uleule wa vikapu vya Naismith. Walikutana na Southeast Missouri State. Hebu fikiria fainali ya taifa, timu mbili bora kati ya zote za daraja lao, na moja inamfunga mwenzake 73 kwa 46. Tofauti ya pointi 27 kwenye mchezo wa mwisho wa msimu! Vipigo vya namna hiyo unaviona raundi ya kwanza, si siku ya kombe. Mpinzani akibaki na pointi 46 maana yake mabeki hawakupumzika hata dakika moja. Ningetoa mengi kuwapo ukumbini siku ile.

Baada ya hapo kocha wa kumtaja ni LeVelle Moton. Alikuwa mchezaji wa chuo hiki miaka ya 1990, mfungaji hasa, na mwaka 2009 akakabidhiwa timu wakati chuo kinahamia daraja la kwanza. Ni uamuzi ambao wengi waliuona kuwa ni wa kujitakia aibu. Daraja la kwanza lina fedha za kutisha, na chuo kidogo huishia kusafiri kwenda kufungwa na wakubwa ili kilipwe hundi ya kuendeshea idara ya michezo. Moton alizipokea mechi hizo, na mwaka 2014 akashinda MEAC, ligi ya vyuo vya Weusi, na kukipeleka chuo kwenye mashindano makubwa ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, kwa mara ya kwanza. Akarudi 2017, 2018 na 2019, miaka mitatu mfululizo, na mara zote tatu akapangiwa mechi ya mchujo kule Dayton, Ohio, na mara zote tatu akapoteza. Utaratibu huo wa mchujo siupendi. Bingwa wa ligi ndogo amepigana mwezi mzima kupata nafasi, halafu anaambiwa acheze kwanza na bingwa mwenzake mdogo kabla hajaruhusiwa kuingia mchujo wa timu 64, wakati timu iliyoshika nafasi ya saba kwenye ligi tajiri inaingia moja kwa moja. Wangewapa mabingwa wote nafasi zao, waliochechemea msimu mzima wakachujane Dayton.

McLendon alifariki Oktoba 1999. Ukumbi wa michezo wa chuo una jina lake. Jumba la Heshima la kikapu, lililopo Springfield, lilikuwa limemwingiza mwaka 1979, lakini kama mchangiaji wa mchezo. Kama kocha waliingiza jina lake mwaka 2016.

Timu za Moton zinajulikana kwa ulinzi kuliko kukimbia, na nimeshasikia hoja kwamba hapo wameacha njia ya McLendon. Sikubaliani nayo. Atazame anayesema hivyo namna mpira unavyopatikana. Gadi anamkaba mpinzani tangu anapoupokea chini ya goli lake, anamsukuma kwenye kona ambapo mstari unakuwa beki wa pili, mwenzake anafika, mikono minne juu, pasi inatoka ovyo, inanaswa, na hapo hakuna haja ya kukimbia uwanja mzima kwa sababu goli liko hatua tatu mbele. Kushambulia na kulinda kunaanza pale mpira ulipo, ndivyo Naismith alivyomwambia McLendon.